Pilipili za Bi Kichanja

Wifi yangu hakuzaliwa akiitwa Bi Kichanja. Jina hilo alipewa ukubwani, na aliyempa ni mimi, kwa hiyo naanza na kosa hilo dogo kabla sijafika kwenye lile kubwa.

Ni dada mkubwa wa mume wangu. Aliolewa mara moja, akarudi nyumbani baada ya miaka mitatu akiwa na sanduku moja, na hakuna aliyewahi kumtoa neno kuhusu safari hiyo. Alipewa chumba cha uani, kile chenye dirisha linalotazama bani letu. Kwa asiyejua tumbaku, bani ni kijumba kirefu cha tofali za udongo kisicho na dirisha hata moja. Ndani kuna fito kutoka chini hadi juu za kuning'inizia majani, na ubavuni kuna tanuri la kuni linalosukuma joto ndani kupitia mabomba ya bati. Jani linaingia kijani, baada ya wiki linatoka na rangi ya dhahabu, na aliyekuwa akichochea moto anatoka na rangi ya majivu. Mabomba yetu yalikuwa yametoboka tangu enzi za baba mkwe, na kila mwaka tulisema mwakani tutayaziba.

Kwetu kila nyumba ilikuwa na bani, na kila mtu alikuwa na kazi yake kwenye tumbaku. Wifi alikuwa mchambuzi, na sitii chumvi nikisema hakukuwa na wa kumfikia. Ungemfunga kitambaa machoni angekwambia kwa ncha za vidole jani hili ni daraja gani. Jani lililokauka halishikiki, ukiligusa linapukutika. Kwa hiyo kabla ya kuchambua unachukua ndoo ya maji na ufagio mdogo wa chelewa, unachovya, unakung'uta juu ya majani, unayafunika kwa turubai, unasubiri saa moja. Ukifunua, jani limelainika kama kitambaa, unalikunja utakavyo. Mtoto wa kwetu alijua kunyunyizia jani kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Mume wangu alikuwa mchocheaji, kama baba yake. Miaka thelathini kwenye mlango wa tanuri. Alipofikia hatua ya kupumzika mara mbili kati ya nyumba na kisima, nilimburura hospitali. Daktari alituonyesha picha ya mapafu yake kwenye mwanga wa dirisha, akasema kwa upole, "Mzee, ukiendelea na huu moshi, miaka miwili ijayo sitakuwa na la kukusaidia. Tafuta kazi nyingine."

"Kazi gani nyingine, daktari?" mume wangu aliuliza. Hakuwa anabishana. Alitaka kujua kweli, na daktari akairudisha picha kwenye bahasha.

Jibu alilitafuta wifi. Aliposikia tulichoambiwa hakulia wala hakutoa pole, siku mbili baadaye alijiandikisha kwenye mafunzo ya siku tatu ya kilimo cha biashara yaliyotangazwa kwenye ofisi ya ushirika. Alirudi na kofia, faili la plastiki, na maneno mapya mdomoni. "Tumbaku ina mnunuzi mmoja," alituambia tukiwa tunakunywa chai. "Yeye ndiye anayekupa mbegu, ndiye anayepanga bei, na ndiye anayekwambia jani lako halifai. Mtu huyo akipata mafua, kijiji kizima kinapiga chafya. Inabidi tulime kitu cha pili, na mnunuzi tumtafute kabla hatujapanda, si baada ya kuvuna."

"Haya, mwalimu," nilisema. "Na hicho kitu cha pili kinaitwaje?"

"Pilipili. Zile ndogo kali. Zinataka eneo dogo, hazitaki kuni, zinakaushwa na jua."

Hazitaki kuni. Nilimwona mume wangu akiinua macho kutoka kwenye kikombe.

Wifi alisafiri mjini mara tatu kwa gharama yake mpaka akaipata kampuni ya viungo iliyokubali kutujaribu. Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiwafundisha watu kutengeneza vichanja vya fito na wavu, maana pilipili ya kuanikwa chini inaokota mchanga na vinyesi vya kuku. Neno hilo halikumtoka mdomoni. Ukimsalimia anakuuliza kichanja chako kimefika wapi. Siku moja kisimani nilimwona anakuja kwa mbali, nikawaambia wenzangu, "Anikeni nguo zenu juu, Bi Kichanja huyo." Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika, na tangu siku hiyo jina likamganda. Yeye mwenyewe alilipenda. Alisema afadhali hilo kuliko lile alilokuwa akiitwa na aliyekuwa mumewe.

Mwaka wa kwanza tulijaribu nyumba nane, tukapata magunia matano. Kampuni ilimtuma mkaguzi wake, msichana mwembamba mwenye kimashine cha kupima unyevu, tukambatiza Binti Kipimo. Alisifu rangi, alisifu ukali, tukalipwa papo hapo na hakuna aliyeamini. Alilalamikia jambo moja tu. "Zimevunjika nyingi. Pilipili ikivunjika inamwaga mbegu, na daraja linashuka. Mwakani nataka nzima."

Mwaka uliofuata nyumba thelathini na moja ziliacha tumbaku. Si jambo dogo hilo. Kampuni ya tumbaku ilikuwa na sheria yake: usipojiandikisha msimu mmoja, jina linafutwa, na kurudi ni kwa kuomba. Watu walifuta majina yao kwa neno la wifi yangu. Mume wangu naye alifuta lake. Akachukua matofali na udongo, akaziba mdomo wa tanuri, akalifagia bani likawa ghala la kikundi. Na mnajua nini? Kifua chake kilianza kupoa. Ilipofika katikati ya msimu alikuwa anakwenda kisimani na kurudi bila kusimama. Asubuhi moja nikiwa jikoni nilisikia mtu anapiga mluzi shambani, nikatoka nimwone ni nani. Alikuwa yeye. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mume wangu hupiga mluzi. Nilirudi jikoni nikalia kidogo, halafu nikaendelea na mboga.

Kwa hiyo mzigo ule ulipoletwa ghalani, magunia arobaini, mimi sikuona pilipili. Niliona pumzi za mume wangu. Ukipita, hatarudi kwenye moshi. Usipopita, atarudi, maana hatukuwa na kitu kingine.

Siku ya kufungasha wifi alikuwa mjini akifuatilia lori. Alituachia neno moja, nyumba zote zilijua, Binti Kipimo alilisema na yeye akalirudia kila kikao: zisivunjike. Alinishika bega mlangoni. "Nakuachia wewe, wifi. Mkono wako mwepesi."

Nilivimba kichwa, sikatai. Tulikuwa wanawake sita humo ndani, na kwa jua la wiki ile pilipili zilikuwa zimekauka kiasi kwamba ukitumbukiza mkono tu unasikia zinalia pah, pah. Tulifunga gunia la kwanza, sakafu ikajaa vipande na mbegu. La pili hivyo hivyo. Mama Pacha, jirani yetu, alisimama akashika kiuno. "Kwa mwendo huu zitakataliwa zote," alisema. "Huyo binti si alisema anataka nzima?"

Nilitazama kona ya bani. Ndoo ilikuwepo, na ufagio wa chelewa ukiwa umening'inia msumarini pale pale ulipokuwa tangu nilipoolewa.

Sikufikiri. Ningependa kusema nilipima hivi na vile, lakini mkono wangu ulikuwa umekwisha kuchovya. Nikakung'uta, nikakung'uta, nikafunika kwa turubai. "Kidogo tu," nilisema, na hakuna aliyeniuliza kwa nini, kwa sababu sote sita tulikuwa tumefanya hivyo maisha yetu yote. Baada ya saa moja tulifunua. Zimelainika, zinang'aa, nyekundu kama zimechumwa leo. Hakuna hata moja iliyovunjika. Tuliyafungua na yale mawili ya kwanza, tukayarudia vizuri, na mpaka jua linaelekea kushuka tulikuwa tumeshona magunia arobaini huku tunaimba.

Wifi alirudi amechoka, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Alisimama mlangoni akatazama magunia, kisha sakafu, safi kabisa. "Mmefanyaje?" aliuliza.

"Mikono tu," nilimjibu, na wenzangu wakacheka. Naye akacheka. Lori linakuja kesho, alisema, akaenda kunawa miguu.

Lori halikuja kesho. Liliharibika njiani, likasubiri kipuri, na kila siku wifi alipiga simu akaambiwa kesho. Lilikuja siku ya tisa. Siku tisa, bani bila dirisha, bati juu, jua la kichwani. Nyumba iliyojengwa ili isitoe joto wala mvuke, ndimo tulimoweka pilipili zenye maji.

Binti Kipimo alifungua gunia la kwanza, na kabla hajatumbukiza kimashine chake alirudisha uso nyuma. Mimi nilikuwa mlangoni na harufu ilinifikia huko huko, harufu ya nguo iliyolala na maji kwenye beseni. Akafungua la pili, la tatu, akaenda kuchagua ya nyuma kabisa. Yote yalikuwa na kijivu katikati, utando kama wa buibui. Watu walikuwa wamejaa uani, wamevaa nguo za kutokea, maana ilikuwa siku ya malipo.

"Nani aliyatia maji?" aliuliza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Hizi nilizipima hapa vichanjani wiki tatu zilizopita, zilikuwa safi. Haya ni maji ya mtu."

Mama Pacha alitazama miguu yake. Mimi nilitazama ukuta. Wifi alitumbukiza mkono ndani ya gunia, akatoa pilipili moja, akaisugua kwa vidole vile vile vya mchambuzi, taratibu. Nilimwona anapojua. Macho yake yalikwenda kwenye kona, kwenye ndoo, yakapanda kwenye ufagio, yakapita usoni kwangu bila kusimama.

"Mimi ndiye mwenyekiti," alisema. "Kosa ni langu."

"Mama, sikuuliza mwenyekiti ni nani."

"Na mimi nimekujibu. Nipe wiki moja, tutazianika upya. Vichanja vipo, jua lipo, watu hawa hapa."

Binti Kipimo alikuwa amekwisha kukirudisha kimashine kwenye mkoba. "Ukungu ukishaingia, sumu yake haitoki kwa kuanika," alisema. "Hizi zinakwenda kuliwa na watu, mama. Hata gunia moja siwezi."

Wifi yangu, ambaye sijawahi kumwona akimbembeleza mtu, hata mumewe, alimfuata mpaka kwenye lori akashika mlango. Alisema mbele ya watu wote maneno ambayo alikuwa hajawahi kuyasema mbele ya yeyote. "Mdogo wangu ana kifua. Akirudi kwenye tumbaku atakufa. Nisaidie, mwanangu, hata kwa bei ya takataka." Yule binti alilia. Lakini mlango ulifungwa, na lori likaondoka tupu likirukaruka kwenye mashimo.

Nilipaswa kusema pale pale. Nilikuwa na sekunde ngapi, mia, elfu? Mdomo ulikuwa mkavu kama ile pilipili kabla sijaiharibu. Sikuwaogopa wale watu. Nilimwogopa mume wangu, aliyekuwa amesimama karibu na bani mikono nyuma, kwamba ataacha kunitazama alivyozoea kunitazama.

Waliyoyamwaga juu ya wifi siku hiyo siyarudii. Umetutoa kwenye tumbaku, umetupeleka kwenye njaa, na kofia yako. Mzee mmoja alibeba magunia yake mawili akayamwaga katikati ya uwanja wetu. Wifi alisubiri wamalize, akaleta mkeka, akakaa juu ya rundo lile akaanza kuchambua moja moja, nzima huku, yenye kijivu huku. Alichambua siku tatu, rundo lile na magunia mengine yote. Mume wangu alikaa karibu naye akachambua, na mimi nikakaa nikachambua, watu watatu kwenye mkeka mmoja. Alipata magunia mawili aliyoyaona safi. Akampigia Binti Kipimo, akasikiliza, akaiweka simu mkekani. Jioni alichoma yote nyuma ya choo, na moshi wake ulitukimbiza ndani sote tukipiga chafya mpaka machozi. Ungetuona ungedhani tunacheka.

Wiki iliyofuata akaja bwana wa tumbaku na pikipiki yake na fomu zake. Alikuwa na adabu nyingi mno. Alisema kampuni inaelewa, binadamu hukosea, milango iko wazi, ila mwisho ni Ijumaa. Watu walipanga mstari.

"Mdogo wangu, usitie sahihi," wifi alimwambia mume wangu nyumbani. "Tuuze baiskeli. Tuuze bati za bani."

"Tukishauza, tutakula mpaka lini, dada?"

"Mpaka nipate mnunuzi mwingine."

"Kwa mbegu ipi? Kwa watu gani? Nani atakusikiliza tena?" Hakusema kwa ubaya. Kisha akanigeukia mimi. "Mama watoto, unasemaje?"

Ndipo nilipaswa kusema kwa mara ya pili. Nikasema, "Ufanye unavyoona." Maneno hayo bado nayasikia nikiwa napika.

Alitia sahihi Alhamisi. Ijumaa alichukua mtaimbo akabomoa yale matofali aliyozibia tanuri, moja baada ya jingine, akayapanga vizuri ukutani, mtu asiyependa kuharibu kitu. Wifi alisema atachochea yeye, na msimu ulipofika alichochea kweli, nami nikapokezana naye. Lakini mtu aliyekaa mlangoni mwa tanuri miaka thelathini hawezi kulala kitandani akisikia wanawake wanatia moto vibaya. Alikuja kurekebisha kuni. Alikuja kuangalia joto. Kufikia awamu ya tatu ya kukausha alikuwa amerudi kwenye kigoda chake, na sisi tukageuka wabeba kuni.

Katika kubeba kuni ndipo nilipomwambia wifi. Tulikuwa njiani, asubuhi, mizigo kichwani, na nadhani niliweza kwa sababu ukiwa na mzigo kichwani huwezi kumgeukia mtu.

"Wifi, ni mimi niliyenyunyiza."

"Najua."

"Ulijua tangu lini?"

"Ufagio ulikuwa umetundikwa kichwa chini. Ni wewe tu unayeutundika hivyo." Tulikwenda hatua kadhaa. Nikamwambia anitukane basi, anipige, awaambie watu.

"Nimekaa nikajiuliza ningekuwepo mimi ningefanya nini," alisema. "Niliwafundisha vichanja, nikawafundisha wavu, nikawaambia zisivunjike. Namna ya kutozivunja sikuwaambia, kwa sababu sikuona kama kuna cha kufundisha. Ningekuwepo ningenyunyiza mimi. Na mimi ningenyunyiza vizuri kuliko wewe."

Sikupata nafuu. Nilikuwa nimebeba maneno yale miezi tisa nikidhani nikiyatua nitapumua, na nilipoyatua nikakuta naye alikuwa amebeba yake.

Jana tumeanza kuchambua. Majani ya mwaka huu ni mazuri, bwana wa tumbaku mwenyewe amesema. Wifi ameketi mahali pake, mkeka ule ule, miguu ameinyoosha. Mume wangu hayupo bani. Tangu mwezi uliopita analala kwenye chumba cha uani, chumba cha dada yake, kwa sababu kina dirisha, ingawa dirisha lenyewe linatazama bani. Daktari tulimrudia. Alituonyesha picha nyingine, safari hii hakusema mzee atafute kazi.

Wifi alichukua jani, likapukutika vidoleni. Akaitazama ndoo, akaisukuma kwa mguu mpaka mbele yangu.

"Nyunyiza, wifi," alisema. "Hapa ndipo mahali pake."

Niliutoa ufagio msumarini. Kupitia dirisha la chumba cha uani tulikuwa tunamsikia mume wangu anakohoa, kama anavyokohoa mchana kutwa, mpaka tumezoea kuzungumza katikati yake. Kisha ikakatika. Mkono wangu ukasimama juu ya ndoo, na wifi akaacha jani hewani. Tulikaa hivyo, hakuna aliyemtazama mwenzake, mpaka akakohoa tena.

Nikachovya ufagio.